Maswali na majibu: Mbona waokoaji hawakimbilii majeruhi?

Gari lilipinduka, dereva akabanwa ndani. Zimamoto walipofika, kiongozi wao akaanza kulizunguka gari. Kwa nini asimtoe kwanza?

Kulizunguka gari ndiko kuanza kumwokoa. Anatafuta mafuta yanayovuja, nyaya za umeme zilizokatika, na abiria aliyerushwa nje akaangukia majanini. Gari lililolala ubavu halijatulia. Likiteleza kidogo tu linaweza kumbana dereva zaidi au kumlalia mwokoaji. Ndiyo maana kabla ya kukata bati hulitilia kabari na vipande vya mbao vilivyopangwa kwa kupishana, mpaka likisukumwa halitikisiki. Betri nayo hukatwa, wakianza na upande hasi ili spana ikigusa bodi isitoe cheche. Hata hapo, mfuko wa hewa, ule wa kumkinga mtu gari likigonga, kama haujafumuka huweza kubaki na chaji kwa muda na kufumuka ghafla, kwa hiyo hawaweki kichwa mbele yake. Wakati huo wote mmoja wao yuko na dereva: amemshika kichwa kwa mikono miwili asigeuze shingo, na anaongea naye.

Niliona majeruhi anayelia kwa uchungu ameachwa, akachukuliwa aliyenyamaza. Ni haki kweli?

Ni haki, ingawa inaumiza kutazama. Anayepiga kelele ana pumzi. Majeruhi wakiwa wengi kuliko waokoaji, vikosi vingi hutumia START, utaratibu wa kupanga nani ahudumiwe kwanza, uliobuniwa California mwaka 1983. Wanaoweza kutembea huitwa kando na kupewa alama ya kijani. Waliobaki hupimwa kwa chini ya dakika moja kila mtu: anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika? Ukibonyeza ukucha, rangi inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi? Anashindwa kufuata agizo jepesi kama "nibane mkono"? Dalili moja tu kati ya hizo humpa alama nyekundu, naye hutangulia. Wasio nazo hupewa njano. Asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa hupewa nyeusi, na mwokoaji huenda kwa mwingine. Sijui kazi ngumu kuliko hiyo.

Polisi, zimamoto na wahudumu wa afya wakikutana, nani anaamuru?

Kwa kawaida kamanda wa tukio mmoja. Ofisa wa kwanza kufika huishika nafasi hiyo mpaka aikabidhi kwa anayestahili.

Nikifika kabla yao?

Simamisha gari mbali, washa taa za tahadhari, piga simu ya dharura. Ukiona waya wa umeme chini, usiusogelee hata kama hautoi cheche. Damu ikitoka kwa wingi, kandamiza kidonda kwa kitambaa na mikono yote miwili, wala usifunue kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Usimburute majeruhi isipokuwa kuna moto, maji au hatari nyingine inayomfikia hapo alipo. Waokoaji wakifika, waambie mlihesabu watu wangapi, nani amebanwa, na kama unasikia harufu ya petroli.