«Weil.» hapo si jina la ukoo

Salaam, ndugu. Umekwama kwenye maneno «weil. B. u. Schneidermstr. allh.» yaliyoandikwa kando ya jina la baba wa bwana harusi, katika kitabu cha ndoa cha kanisa la Ujerumani. Anza na «weil.», kifupi cha weiland, yaani marehemu: mzee huyo alikuwa ameshafariki ndoa ilipofungwa, basi tafuta maziko yake kabla ya tarehe hiyo. Yaliyobaki ni Bürger und Schneidermeister allhier, raia wa mji na fundi mkuu wa ushonaji wa hapohapo. Usiipuuze herufi B, kwa sababu si kila mkazi aliitwa Bürger; aliyepewa haki hiyo huenda ameandikwa pia katika Bürgerbuch, daftari la raia wa mji, ambalo mimi hulitazama mapema.

Nami niliwahi kumgawa babu mmoja kuwa watu wawili, kwa kuwa mwanzoni aliandikwa «Ges.», Geselle, fundi aliyemaliza uanagenzi, na baadaye «Mstr.», Meister, yaani fundi mkuu. Kagua tena herufi zenyewe pia, maana katika Kurrent, mwandiko wa mkono wa zamani wa Kijerumani, e na n hufanana mno.