Bei wameikataa, kompyuta inasema wamelipwa

Juzi dogo mmoja wa Nachingwea kanitumia meseji wasapu, "bro kodi yangu imejaa maifu mpaka mwenyewe siielewi, nikigusa hapa panaharibika kule." Kodi hapa ni maandishi ya programu ya kompyuta, si ile ya serikali, na maifu ni masharti ya "kama hivi, fanya vile". Nikacheka, halafu nikaacha kucheka, maana kodi ya namna hiyo naijua, niliwahi kuiandika mimi hapahapa Mtwara.

Kuna AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima, siitaji, ilinipa kazi ya kiprogramu cha kufuatilia korosho kuanzia mkulima anapoleta mzigo mpaka hela inaingia benki. Nikaona kazi ndogo hiyo. Nikaweka vibendera vya ndiyo na hapana: imepimwa, ipo ghalani, ipo mnadani, imeuzwa, imelipwa. Vitano tu. Kumbe vitano hivyo vinatoa michanganyiko 32, na yenye maana ni sita, mingine yote ni mashimo nimejichimbia mwenyewe. Siku ya mnada karani na haraka zake kaingiza mauzo watu bado wanabishana, wakulima wakaikataa bei, mzigo ukabaki ghalani kusubiri mnada ujao, na mimi kwenye kodi nilisahau kukishusha kibendera cha imeuzwa. Orodha ya malipo ikatoka na majina yao yote. Mzee mmoja akanyanyuka mbele ya mkutano, "mwanangu, bei tumeikataa, sasa hela hii unatulipa wewe?" Walivyocheka! Wiki ileile wakarudi kwenye kaunta buku, na nusu ya hela yangu sijaiona mpaka leo, ila tuyaache hayo.

Sasa dogo, tupa vibendera. Andika steti mashini, jina lisikutishe, ni kwamba mzigo una hali moja tu kwa wakati mmoja: umepokelewa, umepimwa, upo ghalani, upo mnadani, umeuzwa, umelipwa. Halafu jedwali la nini kinaruhusiwa. Ukiwa mnadani, tukio la "kubali bei" linaupeleka kwenye umeuzwa, "kataa bei" linaurudisha ghalani. "Lipa" inapita kwenye umeuzwa peke yake, kwingine kote inagoma. Basi.

Na testi, yaani kodi ya kuijaribu kodi yako, usiandike moja moja, utachoka, nyie vijana mnachoka haraka. Mi nina fankisheni moja, kipande cha kodi chenye kazi yake, inachukua kila hali, inaijaribu kwa kila tukio, inaandika mstari kwenye faili. Hali 6 mara matukio 6 (pima, weka ghalani, peleka mnadani, kubali bei, kataa bei, lipa), mistari 36, sita inapita na 30 imeandikwa "hairuhusiwi". Unalisoma faili kwa macho yako, ukiridhika unalihifadhi kama lililoidhinishwa. Kesho ukigusa kodi linatoka jipya, linalinganishwa na lile, herufi moja ikipishana testi inafeli. Hizo ndo wanaita testi za apruvali. Ila kama kwenye faili kuna tarehe au namba za bahati nasibu zifute kwanza, maana zinabadilika kila ukiendesha, mi zilinifelisha wiki nzima naisingizia laptopu.

Msimu huu nimepata AMCOS nyingine. Lile faili nikamprintia katibu, mtu ambaye kodi haijui kabisa, kavaa miwani kasoma mstari kwa mstari, kaniuliza, "korosho ikikutwa na unyevu ghalani inarudishwa, hapa mbona sioni?" Nikaongeza tukio la "rudisha". Mistari ikawa 42, testi ikafeli papo hapo, nikaangalia ile sita mipya, mmoja umepita na mitano imegoma, nikaidhinisha, tukaenda kunywa chai.

Dogo, kodi usinitumie. Nitumie jedwali.