Zaka ya mahamri: ihesabiwe kwenye mauzo au kwenye faida?

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo. Tunakaa Mikindani, Mombasa, na watoto watatu. Mume wangu ameajiriwa kwenye bohari ya makontena, mshahara wa jumla ni 45,000. Mimi nauza mahamri na mbaazi za nazi kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Kwa siku nauza kama 1,200, na unga, mafuta, sukari, nazi na gesi hula kama 850. Wateja wengi hunilipa kwa simu.

Tangu katekisimu tumefundishwa amri ya Kanisa isemayo "Saidia Kanisa Katoliki kwa zaka", kwa hivyo kila mwezi natoa 4,500 ya mshahara wake na 3,120 ya biashara yangu. Lakini ikifika tarehe kumi na tano tunaishi kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kutumia zaidi ya salio, na sasa imefika 5,000. Kuna mkopo wa simu wa 15,000 ambao tunaulipa na kuuchukua tena, riba yake asilimia 7.5 kwa siku 30. Dukani tunadaiwa 4,000, shuleni 6,000. Mume ana akiba ya 11,000 kwenye sacco. Anataka tusimamishe zaka kabisa mpaka madeni yaishe, nami naogopa. Je, ni dhambi? Zaka huhesabiwa kwenye mshahara wa jumla au kwenye ule unaofika mkononi? Tena mtoto wetu wa pili anakaribia Komunyo ya Kwanza, na niliahidi 10,000 kwenye harambee ya ujenzi wa kanisa.

JIBU

Milele na milele, amina. Dada, acha tuanze na hesabu, habari ya dhambi itafuata. Nyinyi hamtoi sehemu ya kumi. Mnatoa karibu asilimia 17.

Chukueni karatasi ya mshahara. Kwenye 45,000, NSSF, mfuko wa pensheni, hukata asilimia 6, yaani 2,700. SHIF, bima ya afya, hukata asilimia 2.75, yaani 1,237.50, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani 675. Hayo matatu huondolewa kwanza, kisha kodi ya mapato, yaani PAYE, hupigwa kwenye 40,387.50 iliyobaki. Baada ya nafuu ya 2,400 ya kila mwezi, PAYE inakuwa kama 4,500. Kinachofika mkononi ni takriban 35,890. Ikiwa karatasi ya mumeo inaonyesha PAYE ya 5,000 na zaidi, aende ofisi ya mishahara akaulize: tangu sheria ilipobadilika Desemba 2024, SHIF na ushuru wa nyumba havistahili kutozwa kodi.

Upande wako, 1,200 kwa siku 26 ni 31,200, na sehemu ya kumi yake ndiyo hiyo 3,120 unayotoa. Lakini 31,200 ni mauzo. Pesa ya unga ni ya mwenye unga, na ya gesi ni ya mwenye gesi. Chako ni 350 kwa siku, yaani 9,100 kwa mwezi. Ukitoa 3,120 ndani ya 9,100 umetoa zaidi ya theluthi, na kesho yake alfajiri huna pesa ya unga. Hapo ndipo Fuliza inapoingia. Hata zaka ya Agano la Kale, katika Kumbukumbu la Torati 14:22, ilitolewa kwenye mazao ya shamba, yaani kile ambacho ardhi imeongeza.

Mkijumlisha 35,890 na 9,100 mnapata 44,990. Hicho ndicho kipato cha nyumba yenu. Mnatoa 7,620.

Sasa Kanisa lenyewe linadai nini? Kanuni ya 222 ya Sheria za Kanisa za 1983 inasema waamini wana wajibu wa kusaidia mahitaji ya Kanisa. Katekisimu, namba 2043, inaongeza: kila mtu kadiri ya uwezo wake. Hakuna mahali katika sheria hizo palipotajwa asilimia kumi. Kumi ni kipimo kizuri cha kale, na parokia nyingi hukitumia kufundishia, lakini atoaye pungufu kwa sababu ya uwezo wake hajavunja amri uliyoinukuu. Asiyetoa chochote ilhali anacho, huyo ana la kujibu.

Kulipa deni kuna uzito wa namna nyingine. Katekisimu, namba 2411, huhesabu kulipa madeni kuwa ni jambo la haki, na haki ya mtu haingoji ukarimu wako. Mwenye duka aliyewakopesha unga na sukari ana watoto pia, naye anadaiwa na mwenye jumla. Ukichukua 4,000 zake ukazitia kwenye bahasha ya zaka, umetoa sadaka kwa mfuko wa mtu mwingine. Na watoto wenu hawaji baada ya madeni: kanuni ya 1136 inawaweka wazazi chini ya wajibu mzito wa kuwalea na kuwasomesha, na 1 Timotheo 5:8 ina maneno makali kwa asiyewatunza wa nyumbani mwake.

Kwa hiyo mumeo amekosea kidogo na wewe umekosea kidogo. Kupunguza si dhambi. Kusimamisha kabisa singewashauri, kwanza kwa sababu uwezo mnao, ingawa mdogo, na pili kwa sababu waliosimamisha "kwa muda" ni wachache waliorudi. Pangeni 2,000 kwa mwezi kwa miezi 12. Deni likiisha mpande hadi 4,500, ambayo ndiyo sehemu ya kumi ya kipato chenu halisi mkitaka kushika kumi.

Kuhusu jumla au mkononi, sheria haikusema, na mimi naegemea mkononi: makato ya lazima mumeo hayashiki wala hayapangi. Lakini akiba ya sacco na marejesho ya mkopo msiyaondoe kabla ya kuhesabu. Hizo ni pesa zake, amechagua tu pa kuziweka. Kwa biashara, hesabu faida kila Jumamosi jioni kwenye daftari, na mahamri wanayokula watoto asubuhi yaandike kama chakula cha nyumbani, la sivyo faida itaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Tuje kwenye shimo lenyewe, yaani mkopo wa simu. Asilimia 7.5 ya 15,000 ni 1,125 kila siku 30. Mkiulipa na kuuchukua tena mwaka mzima, mtakuwa mmelipa takriban 13,500 na bado mnadaiwa 15,000 zilezile. Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, na hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Kwa akiba ya 11,000, mumeo anaweza kuomba 30,000, akipata wadhamini. Akilipa 2,500 ya mtaji kila mwezi, mwezi wa kwanza riba ni 300, wa mwisho ni 25, na riba yote ya mwaka ni 1,950. Hiyo 30,000 inafuta kila kitu: simu 15,000, Fuliza 5,000, duka 4,000, shule 6,000. Sheria ya Ajira inataka makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, nanyi mko mbali na mpaka huo. Akubali tu yakatwe moja kwa moja kazini, 2,800 ya kwanza pamoja na akiba ya 1,500, ili pesa isipite nyumbani kwanza.

Mpango huu huharibika kwa namna moja, tena karibu kila mara ni ileile. Watu hulipa mkopo wa simu kwa pesa za sacco, kikomo cha simu kinafunguka tena, hata pengine kinapandishwa kwa sababu wamelipa vizuri, na baada ya miezi miwili wana mikopo miwili. Siku mtakayolipa, ifuteni programu hiyo simuni siku hiyohiyo, na mjiondoe kwenye Fuliza. Fuliza haikubali ujiondoe kabla hujamaliza deni, kwa hiyo ukishalipa usingoje kesho.

Na wewe hasa Fuliza inakuumiza kwa njia ambayo huenda hujaiona. Kila shilingi inayoingia kwenye laini yako hulipa Fuliza kwanza. Mteja akikutumia 100 ya mahamri, pesa haikai. Ikifika saa kumi alfajiri huna ya unga, unafuliza tena, na ada ya kufungulia inatozwa upya, na ya kila siku juu yake. Mtaji wako wa kesho unalipa chakula cha jana. Fungua Pochi la Biashara, ambayo hutenga pesa za biashara na za nyumbani kwenye laini ileile, na uiambie familia kwamba 850 ya kila siku haiguswi hata mgeni akija. Mtaji ukitulia, nunua unga kwa furushi la pakiti 12 za kilo mbili, na nazi na iliki chukua Marikiti kwa wiki nzima. Usifanye hivyo kwa pesa ya chakula ati kwa sababu bei ya jumla ni nafuu.

Baada ya makato ya sacco, mwezi wa kwanza mtakuwa na 31,590 za mshahara na 9,100 zako, jumla 40,690. Hukunitajia matumizi, kwa hiyo naweka makadirio nanyi mrekebishe: kodi ya nyumba 10,000, chakula 12,500, maji ya mkokoteni na stima 2,200, nauli 3,000, shule 5,000, mzazi kijijini 1,500, chama 1,000, zaka 2,000, sadaka za Jumapili na michango ya jumuiya 800, dharura 1,500. Zinabaki 1,190 za dawa, viatu na yale yasiyo na jina. Ni mpango mwembamba, nakubali, lakini hauhitaji mkopo. Hiyo 5,000 ya shule lipeni kila mwezi kwenye akaunti ya shule, hata wakati wa likizo, badala ya kungoja muhula ufunguliwe. Na kwenye chama ombeni zamu yenu iangukie Januari.

Yapangeni haya pamoja, siku mshahara unapoingia, simu zote mbili zikiwa mezani na salio limefunguliwa. Mpango wa mtu mmoja katika ndoa huvunjwa na yule asiyeujua, tena bila nia mbaya.

Ahadi ya harambee ni jambo la kuzungumza, si la kukimbia. Yesu mwenyewe katika Luka 14:28 anamtaja ajengaye mnara anayeketi kwanza kuhesabu gharama, na wewe uliahidi kabla ya kuketi. Nenda kwa mwekahazina wa parokia kabla hajakuita, umwambie utaleta 500 kwa mwezi kuanzia deni la sacco litakapoisha. Ukiahidi hadharani kwamba utachangia, hiyo ni ahadi. Kama ulimwahidi Mungu kwa makusudi, kwa nadhiri, mwambie Paroko hivyo: kanuni ya 1196 inampa mamlaka ya kukuondolea nadhiri ya binafsi kukiwa na sababu ya haki, na anaweza pia kuibadili iwe jambo dogo zaidi. Kama kuna mtu alikushawishi "upande mbegu" kwa kukopa ili Mungu akurudishie maradufu, hilo si fundisho letu.

Komunyo ya Kwanza haihitaji mkopo. Vazi jeupe liazimwe kwa aliyepokea mwaka jana, na siku hiyo pikeni pilau ya nyumba yenu na msimamizi wake. Keki ya ghorofa na hema ni mambo ya majirani. Wala msidanganywe kwamba zaka ikipungua mtoto atanyimwa sakramenti au nyinyi mtanyimwa mazishi: kanuni ya 848 inamwonya mhudumu asiwaache wenye shida wakose sakramenti kwa ajili ya umaskini wao, na ya 1181 inasema hivyo kuhusu mazishi. Mwenyekiti wa jumuiya akisoma majina ya waliopungukiwa, mwendee faragha mweleze kwamba mmepanga na mtarudi juu baada ya mwaka.

Ikiwa sacco itakubali 24,000 tu, lipeni mkopo wa simu kwanza, kisha Fuliza, kisha duka, zitatosha bila kubaki. Kwa zile 6,000 za shule, andikeni barua kwa mwalimu mkuu mkiomba kulipa 1,000 kila mwezi kwa miezi sita, muitie sahihi wote wawili, na malipo ya kwanza myaambatanishe. Marejesho ya sacco yatashuka hadi 2,000 ya mtaji na 240 ya riba mwezi wa kwanza. Hiyo 560 mtakayookoa ipelekeni shuleni, na 440 inayobaki itoke kwenye 1,190.