Tairi halikuwa na pancha

Swali lenu la wiki hii limenikuta pabaya. Mmeuliza: mtoto mmoja ana kipaji, anasifiwa kila kona, mwenzake anamuonea wivu, wewe mzazi unafanyaje? Mi nilitaka kujibu mistari miwili mitatu kama wengine lakini nimeona bora niandike yote, maana hili jambo limekaa nyumbani kwangu mwaka mzima na sijui kama limeondoka.

Niko Tanga, nina cherehani yangu barazani, baba watoto anafanya kazi bandarini. Watoto wetu wawili, wa kwanza wa kiume ana miaka 12, anayemfuata wa kike ana 9. Huyu wa kike ndo mwenye sauti. Yaani akifungua Kurani kusoma hata mimi niliyemzaa mguu unasimama kwenye cherehani, nguo ya mteja inangoja. Ramadhani ya mwaka jana maalim wake akampeleka kwenye mashindano ya juzuu tatu, akashika wa kwanza kwa watoto wa umri wake, akapewa cheti, pesa kidogo, na baiskeli.

Sasa baiskeli, kama hujakaa Tanga hutanielewa. Mji wetu huu ni tambarare, watu wanaendea kazini kwa baiskeli, wanabebea samaki, wanabebea mkaa, mzee wa miaka 70 unamkuta na yake. Kaka mtu alikuwa anaomba baiskeli tangu yuko darasa la pili na kila mwaka tunamwambia pesa hamna mwanangu, subiri. Halafu siku moja mchana wa jua kali anaona mdogo wake anaingizwa uani na baiskeli nyekundu, kiti bado kina nailoni.

Baba yake akamgeukia akamwambia, "Unaona mwenzio?"

Basi, maneno hayo tu. Na mimi nikiulizwa wivu ulianza lini nasema ulianza pale, haukuanza kwenye sauti. Ile sauti binti alikuwa nayo tangu ana miaka mitano na kaka yake ndo alikuwa wa kwanza kuipenda, usiku kabla hawajalala namsikia anamwambia soma ile, sio hiyo, ile ya juzi. Sauti haikumuuma. Kilichomuuma ni sisi watu wazima tulivyoigeuza ile sauti kuwa fimbo.

Maana haikuishia hapo. Mjomba wao akarekodi klipu, ikaingia kwenye grupu la familia, shangazi yao aliyeko Muscat akatuma hela ya gauni, kila mgeni akija hajakaa hata vizuri anasema hebu mleteni mtoto tumsikie. Anasoma, watu mashallah mashallah. Na kaka mtu yuko wapi? Katumwa soda. Hili la soda mi wala sikuwa nimeliona, alikuja kuniambia mwenyewe baadaye sana, "Mama, mbona yeye akisoma tu mimi ndo natumwa dukani?" Nikapiga hesabu nikaona kweli, kila mara. Mtoto alikuwa anasikia watu wakimsifu mdogo wake akiwa njiani na chupa mkononi.

Halafu tairi. Kila tukiamka tairi la nyuma la ile baiskeli liko chini. Nikapeleka kwa fundi akajaza upepo. Kesho yake chini. Nikapeleka tena. Mara ya tatu fundi akachoka, akatoa tyubu, akaizamisha kwenye beseni la maji tukaangalia wote wawili, akaizungusha taratibu kipande kwa kipande, hakuna povu hata moja. Akaikausha kwa fulana yake akaniambia, "Mama, hii haina pancha. Huko nyumbani kuna mtu."

Siku iliyofuata nikaamka kabla ya adhana nikakaa nyuma ya pazia na kandambili mkononi. Akatoka. Alikuwa na njiti ya kiberiti, akachuchumaa, akabonyeza pale pa kujazia upepo, nikasikia ssss. Nilikuwa nimejiandaa kabisa kumtandika. Lakini nikamuangalia uso, na mtoto mtundu akifanya utundu hucheka, huyu hakuwa anacheka, alikuwa amefumba macho kama mtu anayekunywa muarobaini. Kandambili nikaivaa mguuni nikarudi ndani.

Sasa tulichofanya baada ya hapo ndo nataka msikie, kwa sababu tulianza kwa kukosea, na tulikosea kwa kufuata ushauri ambao naona hata humu kwenye gazeti lenu umetolewa sana: mtafutie na yeye kipaji chake. Kila mtu alituambia hivyo, majirani, mwalimu, mama yangu mzazi. Tukampeleka kituo cha mpira, kila Jumamosi, tukamnunulia njumu za mtumba. Akirudi tu hata hajavua tunamuuliza vipi, umefunga? Hajafunga. Wiki inayofuata, vipi? Baba yake kwa nia nzuri kabisa akawa anamsimulia habari za wale ndugu wawili wa Kenya, McDonald Mariga na Victor Wanyama, kwamba kaka mtu mwaka 2010 alikuwa kwenye kikosi cha Inter Milan kilichobeba kombe la mabingwa wa Ulaya, halafu 2012 mdogo mtu naye akiwa na Celtic akaifunga Barcelona, unaona mwanangu, nyumba moja wote wawili wametoka. Mtoto akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwani kwao walizaliwa wawili tu?"

Baba mtu hakuwa na jibu.

Jumamosi moja akagoma kwenda. Nikambembeleza, nikamwambia mpira kama huutaki tutatafuta kingine, kuchora, ngoma, chochote, kila mtu ana kipaji chake. Akaniangalia akasema, "Mama, na kama sina?"

Hapo ndo nilipokaa chini. Kwa sababu sisi tulidhani tunamliwaza kumbe tulikuwa tunamwambia kwamba humu ndani kiti cha mtu asiye na kipaji hakipo, kwa hiyo harakisha utafute. Mkinitukana mnitukane, ushauri wa mtafutie kipaji chake mi siutaki tena, angalau usiwe dawa ya wivu. Mtoto akipenda mpira acheze mpira, lakini usimpe mpira kama kiraka cha kuzibia tundu.

Na nilipaswa kujua, maana mimi mwenyewe nilikuwa yule mwingine. Dada yangu alikuwa anashika namba moja, baba yetu alikuwa anasoma ripoti zetu kwa sauti baada ya swala ya isha, ya dada kwanza halafu yangu, na alikuwa anasoma polepole akifika yangu. Mpaka leo dada akinisifia kitu naangalia nyuma kama anamwambia mtu mwingine. Hata NECTA wenyewe, wale wa Baraza la Mitihani, mwanzoni mwa 2023 waliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, lakini majumbani tunaendelea kutangaza kila usiku kwenye sinia la wali.

Basi nikamchukua mwanangu nikamwambia nimekuona alfajiri, na njiti nimeiona. Akakataa. Sikubishana naye. Nikamwambia mimi nilipokuwa mkubwa kama wewe nilimficha dada yangu kalamu asubuhi ya mtihani, nikaitia kwenye pipa la unga, akaenda akilia na akashika namba moja vilevile. Akaanza kucheka, "Mama wewe!" Akacheka mpaka akashika tumbo, halafu katikati ya kicheko akasema, "Mi nilikuwa natoa kidogo tu, sio wote." Toka siku hiyo akawa anaongea. Ningemhutubia kuhusu upendo wa ndugu ningekuwa bado nahutubia. Nikampa sharti moja tu, tukanunua pampu, anayetoa upepo ndo anayejaza. Kujaza tairi kwa pampu ya mkono sio mchezo, wiki ya kwanza alijaza mara mbili, ya pili hakujaza.

Sasa kuna hili la baiskeli yenyewe. Nusu ya mtaa walisema mpe kaka mtu, yeye ndo mkubwa, tena mwanaume, mtoto wa kike na baiskeli wapi na wapi. Baba watoto naye akayumba, akataka itangazwe ni ya wote. Nikakataa na tukanuniana siku tatu. Baiskeli ni yake, kaishinda kwa usiku wake wa kurudia aya moja mara thelathini, huwezi kumponya huyu kwa kumchuna yule. Akitaka kumuazima kaka yake amuazime, asipotaka asimuazime.

Na namshukuru Mungu nilishikilia hapo, maana miezi michache baadaye huyu binti akaanza kukohoa. Anakohoa madrasa tu. Nyumbani mzima, akifika mbele ya maalim koo linauma. Nikampeleka zahanati wakaangalia koo wakasema hamna kitu. Usiku namsuka nywele nikamuuliza, akanyamaza mpaka nikafika nusu ya kichwa, ndo akasema, "Nikishinda tena kaka atakasirika." Mtoto wa miaka minane! Anajipunguza ili nyumba itulie. Tunavyoongeaga habari za wivu macho yetu yote yako kwa anayeuona, huyu anayeonewa tunadhani yuko kwenye raha zake. Nikamwambia hasira za kaka yako ni kazi yangu mimi na baba yako, kazi yako wewe ni kusoma. Kikohozi hakikuisha siku hiyohiyo, lakini kiliisha.

Maalim wake nilipomueleza akanikumbusha Sura ya Yusuf, akaniambia angalia vizuri wale ndugu walisema nini. Hawakulalamikia ndoto ya Yusuf. Walisema Yusuf na nduguye wanapendwa na baba yetu zaidi kuliko sisi. Kesi yao ilikuwa na baba. Mi nimeisoma sura hiyo tangu utotoni na siku zote hasira zangu zilikuwa kwa wale waliomtupa kisimani, sikuwahi kuwasikiliza walikuwa wanadai nini. Sisemi walifanya sawa jamani, msinielewe vibaya.

Kwa hiyo kazi ikarudi kwa baba. Na huyu wangu, Mungu amuweke, sio mtu wa kumuomba mtoto radhi, nani huku kwetu anamuomba mtoto radhi. Lakini Jumapili moja alfajiri akamuamsha, twende ufukweni tukanunue samaki. Wakaenda kwa miguu. Sijui walichoongea, nilichoambiwa na mtoto ni kwamba baba alimwambia "lile neno la siku ya baiskeli nilikosea," halafu akaanza kumfundisha kuangalia mashavu ya samaki kama ni mabichi. Wakarudi na vibua na changu mmoja mkubwa kila mtu kashika upande wake. Tangu hapo kila Jumapili wanaenda. Hakuna anayemuuliza ameshika namba ngapi kwenye samaki.

Wageni nao tuliwabadilishia utaratibu. Binti hasomi kwa kuombwa, anasoma akitaka mwenyewe, na soda nafuata mimi au hainywewi. Klipu haziendi kwenye grupu bila kumuuliza yeye. Shangazi wa Muscat alikasirika kidogo, akasema tunaficha neema ya Mungu, nikamwambia wifi yangu neema haijafichwa, imepumzika tu.

Msije mkadhani sasa nyumba yangu ni pepo. Ramadhani ya mwaka huu binti alienda tena akakosea aya mbili akatoka mikono mitupu, na alipoingia ndani analia mimi nilikiona kile kitabasamu kwenye uso wa kaka yake, kidogo hivi, kikapita. Nilikiona na nikakiacha. Ningefanyaje, nimkamate kwa tabasamu? Baada ya futari nikamuona anampelekea kaimati zake tatu, akala moja mwenyewe njiani.

Juzi tena naamka, tairi la nyuma chini, chini kabisa. Damu ikanipanda. Natoka nakuta kaka mtu kasimama pembeni ya baiskeli na pampu mkononi ananitazama, akaniwahi kabla sijafungua mdomo, "Mama wallahi hii ni pancha kweli." Sikumuamini. Tukaenda wote watatu kwa fundi, akalileta lile beseni lake, akaizamisha tyubu, tukainama wote vichwa vinagongana, na mapovu yakatoka. Ulikuwa mwiba wa mchongoma, mrefu kama jino. Kijana akauomba ule mwiba, akaufunga kwenye karatasi akautia mfukoni, na mpaka leo anao.