Kirusi cha Wadukhobori wa Kanada hakijaharibiwa na Kiingereza

Mkuu umeuliza kama Kirusi cha hawa wazee wa Kidukhobori wa Kanada, yaani waumini wa dhehebu la Kikristo lililotoka Urusi, kimeharibiwa na Kiingereza, maana kwenye klipu ya video uliyosikiliza hawasikiki kama watu wa Moscow. Hapana kabisa. Mi nimesoma Moscow miaka sita halafu nikaja huku Grand Forks, British Columbia, kuhudumia wazee, na wiki ya kwanza tu nikamkuta bibi mmoja wa Kidukhobori jikoni anafinyanga unga, nikamuuliza kwa Kirusi changu cha darasani kama anatengeneza "piragi", vile vimkate vya kujazwa. Akainua macho, akanirekebisha kwa upole, "piraghi, mwanangu, piraghi". Ile gh ilikuwa hii hii yetu ya ghali na lugha! Mi mtu wa Tanga nilisisimka.

Hiyo ndo alama yao kubwa. Moscow wanatamka g ya gari, hawa wanatamka gh, ndo maana hata menyu za migahawa ya huku zinaandika "pyrahi" kwa h, Kiingereza hakina gh. Sasa ikikaa mwisho wa neno inageuka kh: theluji Moscow ni "snyek", kwa bibi ni "snyekh", rafiki ni "drukh" badala ya "druk". Ila usiwapime kwa neno la Mungu, hilo hata Moscow wanasema "Bokh". Wapime kwa mguu, "nagha".

Kingine sikiliza vitenzi. "Anakwenda" Moscow ni "idyot" na t kavu, wazee huku t yao ni laini, kama ina ka-y kadogo nyuma yake. Mwanzoni nilidhani ni meno bandia, nikaja kugundua wanafanya hivyo karibu wote.

Sasa hayo yote ni matamshi ya vijiji vya kusini mwa Urusi, pande za Tambov na Voronezh walikotoka mababu zao wengi. Serikali ya tsar, yaani mfalme wa Urusi, iliwahamishia upande wa milima ya Kaukasi miaka ya 1840, mwaka 1895 wakachoma silaha zao kukataa jeshi, na 1899 wapatao 7,500 wakapanda meli kuja Kanada. Zaburi zao walikuwa wanashika kwa kichwa, mama anamfundisha mtoto kwa mdomo, kwahiyo matamshi yakarithiwa pamoja na maneno. Kiingereza kimewaingizia maneno ya magari na mashine, lakini hiyo gh walikuja nayo melini, na inaniuma sana mtu akiiita Kirusi kibovu.

Wajukuu wa yule bibi wanaongea Kiingereza muda wote. Ila Jumapili wakisimama kuimba zaburi, hata yule asiyeweza kuomba maji kwa Kirusi, akifika kwenye g anatoa gh safi kama ya bibi yake.