Orodha ya malipo ya wakulima: kwa karani aliyeanza kazi Nairobi

Mei 2020, serikali ya Kenya ilipotangaza mpango wa kufufua uchumi wa shilingi bilioni 53.7 wakati wa korona, bilioni 3 zilitengewa pembejeo za wakulima wadogo 200,000 kupitia vocha za kielektroniki. Ukigawanya, kila mmoja anapata kama 15,000. Msaada wa aina hii hukwama kwenye orodha kabla hata haujafika benki, na orodha ndiyo kazi yako.

Faili ikitoka wadini, usiifungue kwa kubofya tu. Excel huchukulia namba ya simu kuwa hesabu: hula sifuri ya mwanzo, na namba ndefu inayoanza na 254 huionyesha kama 2.54E+11 au 2.55E+11. Ukihifadhi faili ya CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma) ikiwa hivyo, tarakimu za mwisho zimekwenda na hazirudi. Weka safu za simu na kitambulisho ziwe maandishi kwanza, ndipo uingize data. Simu zote ziandikwe kwa tarakimu 12, 254 mbele. Kitambulisho cha mzee kinaweza kuwa na tarakimu saba. Usimwongezee sifuri ili alingane na wenye nane.

Ukubwa wa shamba ndio wenye makosa mengi. Nukta ikififia kwenye fomu ya mkono, .5 husomeka 5, na mwenye nusu eka anakuwa mwenye eka tano. Wengine husema ploti: hamsini kwa mia ni futi za mraba 5,000, na eka ni 43,560, kwa hiyo ploti mbili hazifiki hata robo eka. Hekta moja ni eka 2.47. Afisa wa ugani akijaza hekta na jirani yake eka, wadi nzima itapotoka, basi mpigie umuulize kabla ya kubadilisha chochote.

Halafu kuna shamba la kukodi. Mwenye ardhi anajiandikisha, aliyepanda naye anajiandikisha, na eka ile ile imelipwa mara mbili. Panga orodha kwa kijiji na namba ya shamba, utawaona wamekaa pamoja. Mwongozo wa mpango ndio unaoamua nani alipwe; kama msaada ni wa mazao, anayestahili ni aliyelima, si mwenye hatimiliki.

Sasa jambo ambalo tunakuomba ulishike kwa uzito. Simu moja ikionekana kwa watu watatu, au jina la laini lisipolingana na la kitambulisho, mkono huwasha kufuta. Usifute. Mara nyingi ni mama anayetumia laini iliyosajiliwa na mwanawe, au mjane ambaye shamba bado liko kwa jina la marehemu. Ukiifuta mistari hiyo laha (ukurasa wa Excel) itapendeza, lakini waliotoka ndio waliohitaji zaidi. Ihamishie laha ya pili, andika sababu kwenye kila mstari, na uirudishe kwa naibu chifu ikiwa na tarehe ya mwisho ya kujibu. Kushuku wizi ni hatua ya baadaye, baada ya majibu.

Siku ya kulipa, tuma kwanza kwa watu 20 hivi kutoka wadi tofauti, uwapigie kuthibitisha. Laini iliyolala muda mrefu huenda imeshapewa mtu mwingine, naye akishatoa pesa kwa wakala, kuzirudisha ni kazi ngumu. Kila jioni linganisha: waliolipwa, waliogonga mwamba na wanaosubiri, jumla yao iwe sawa na orodha. Mmoja akipungua, mtafute usiku huo huo.

Orodha inayobandikwa kwa chifu iwe na jina na kijiji pekee. Vitambulisho na simu havizunguki WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata wewe karani. Na ujumbe wa malipo utaje kiasi, sababu na namba ya kulalamikia, maana mkulima asiyejua pesa ni za nini hudhani ametapeliwa na huzirudisha kwa yeyote atakayempigia.