Jibu: i5-9600K inagonga nyuzi 96 mchana, nitafikaje GHz 5?

Ndugu wa Gulu umeuliza kwa nini i5-9600K yako, prosesa ya Intel unayoipandishia kasi kwenye bodi mama ya Z390, inatulia asubuhi kwa GHz 5, ila mchana inafika nyuzi 96 na kuanza kukwama. Kuna mambo mawili: volteji umeiacha Auto, yaani bodi ijichagulie, na umepima wakati wa baridi.

Joto la prosesa hupanda pamoja na la chumba, karibu nyuzi kwa nyuzi. Chumba kikiwa na 23 asubuhi na prosesa ikasoma 84, basi saa tisa alasiri ya mwezi wa pili, chumba kikiwa na 34, tegemea 95. Kikomo cha 9600K ni 100, na ikifika hapo inajipunguzia kasi yenyewe. Pima alasiri, kesi ikiwa imefungwa. Kwangu mimi, mwisho ni 85 chini ya mzigo mzito.

Volteji ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu joto hufuata kasi mara volteji kwa kipeo cha pili. Ukitoka GHz 4.3 kwa volti 1.20 hadi 4.9 kwa 1.35, kasi imeongezeka asilimia 14 na joto asilimia 44 hivi. Ukiiachia bodi Auto kwenye kasi hizo, mara nyingi inapitiliza hadi 1.40.

Kabla ya kugusa BIOS (mipangilio ya msingi ya bodi), zima, chomoa waya, toa vumbi la murram kwenye mapezi ya kipoozeo kwa brashi laini, huku umeshika feni kwa kidole isizunguke. Futa pesti ya zamani ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa kwa spiriti ya isopropili, weka mpya kiasi cha punje moja ya njegere katikati, kisha kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, kipoozeo kinainama upande na kuna kiini kimoja kitakachosoma nyuzi 10 juu ya wenzake. Kile kipoozeo kidogo cha alumini cha prosesa za kawaida hakifai kabisa kwa kazi hii. Tafuta cha mnara chenye mabomba manne na feni ya milimita 120. Feni ya mbele ivute hewa, ya nyuma itoe.

Ndani ya BIOS, zima XMP (mpangilio wa kuongeza kasi ya RAM) kwanza ili makosa ya RAM yasichanganyike na ya prosesa. Weka volteji ya kudumu 1.25, kizidishi 46, na BCLK (kasi ya msingi kwa MHz, inayozidishwa na kizidishi kupata kasi ya prosesa) iache 100. Endesha Cinebench R23, programu ya kuipa prosesa mzigo, kwa dakika 10, HWiNFO inayoonyesha joto na kasi ikiwa wazi pembeni. Ikipita, ongeza kizidishi kimoja, yaani MHz 100. Ikitoa skrini ya bluu yenye jina la kosa WHEA au CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT, kwa kawaida volteji haitoshi: ongeza 0.01 au 0.02, usirukie 0.05. Usivuke 1.35 kwa matumizi ya kila siku. Ukigusa nyuzi 85 kabla ya kufika kizidishi 50, rudi hatua moja na ubaki hapo, GHz 4.8 isiyoyumba ni bora kuliko 5 inayojikata.

Angalia pia alama za Cinebench. Kasi ikionekana kubwa huku alama zikishuka, prosesa inajipunguzia, na HWiNFO itaandika Yes kwenye Thermal Throttling. Mashine ikizima ghafla bila skrini ya bluu, shuku pawa saplai, au joto la saketi za umeme zinazoizunguka prosesa.

Isipowaka kabisa, chomoa waya, toa betri ya CR2032 kwa dakika chache, irudishe. BIOS itaanza upya. Mwisho washa XMP, rudia jaribio kwa saa moja kwa OCCT, programu nyingine ya mzigo, kisha hifadhi profaili. Kwa jinsi umeme unavyokatika, weka UPS, na ichague kwa wati ambazo mashine inakula sasa, si za zamani.